Kiburi Kiko Chini ya Kibogoyo

Tarehe 2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia, na yule jirani yako wa redio ama amehama ama ameishiwa betri.

Fungua bahasha taratibu, usiichane kama kawaida yako. Ndani kuna ukurasa mmoja wa kamusi yetu. Miaka kumi na moja nimekaa kwenye meza hii, Baba, na leo herufi K imekwisha. Angalia neno la kwanza kabisa: kibogoyo. Sasa soma mfano wake: “Kibogoyo akinunua mswaki usimcheke, huenda ana mgeni.” Unakumbuka? Ulimwambia muuza duka siku alipomcheka yule bibi asiye na meno. Mimi nilikuwa nyuma yako, nikacheka mpaka nikaangusha sukari.

Ofisini kwetu hatubuni mifano. Sentensi lazima iwe imetoka kinywani mwa mtu, tuliyemsikia kwa masikio yetu, na kwenye kadi tunaandika ni nani aliyesema na wapi. Kadi yako inasema: “Msemaji: baba yangu. Mahali: dukani.” Kadi haichapishwi, inabaki kwenye droo, lakini mimi najua ipo.

Ukurasa huu ni wangu. Tarehe 30 nitautia saini kwa nyuma. Ndivyo tunavyofanya: kila mwandishi anasaini nyuma ya ukurasa wake, na pasipo saini hakuna kuchapa. Ukiona kosa, niambie kabla ya hapo. Najua kalamu yako nyekundu haipumziki, inasahihisha hata matangazo ya vifo.

Mama hajambo. Hakusema nikusalimie, lakini nilipokuwa nafunga bahasha hakutoka chumbani.

Mwanao,
Kadi


Tarehe 9 Machi

Kadi,

Marahaba. Mgongo unauma.

Nimesoma kibogoyo nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikamwita huyo jirani wa redio nimwonyeshe kwamba maneno yangu yameingia kitabuni. Akaja na miwani yake. Tukasoma kibogoyo, tukacheka wote. Halafu tukateremka. Kiboko. Kibonge. Kibubu. Tukafika kiburi.

Nakunakilia ulichoandika, maana yaelekea hujui mikono yako inafanya nini. “Kiburi: tabia ya mtu kujiona bora kuliko wengine, majivuno. Asili yake Kiarabu, kibr, ukubwa. Mfano: Fundi wa boila alifukuzwa kazi kwa kiburi chake, akaacha wenzake wafe.”

Mji huu ulikuwa na boila moja kubwa, ile ya kuchemshia maji kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, na fundi aliyefukuzwa pale ni mmoja. Jirani akavua miwani. Akaniambia, “Mzee, ngoja nikazime redio.” Redio yenyewe haikuwa inawaka. Tangu siku ile hajaja.

Umenivua nguo, Kadi, tena umenivulia kitabuni ambako sitavaa tena. Watoto wa shule watafungua wajue maana ya kiburi, wanikute mimi nimesimama pale na ovaroli langu.

Na maana yenyewe uliyoandika ni nusu. Kujiona bora! Wewe msomi wa maneno, umewahi kusikiliza neno hili linatoka kwa nani kwenda kwa nani? Meneja akikataa, wanasema ana msimamo. Mfagiaji akikataa, ana kiburi. Tajiri asipokusalimia, ana mawazo mengi. Maskini asipokusalimia, ana kiburi. Mimi barua za kufukuzwa nimeziona nyingi, na sijaona hata moja ambayo wafanyakazi wamemwandikia mkubwa wao kwamba wanamwachisha kazi kwa kiburi. Liandike hilo kwenye kadi yako, msemaji ni mimi.

Sikupigii simu kwa sababu nikipiga nitasema maneno nisiyoweza kuyarudisha. Ondoa sentensi ile. Siombi. Naagiza.

Baba yako


Tarehe 14 Machi

Baba,

Shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Kosa langu nalikubali: nilikutumia ukurasa kwa ajili ya kibogoyo, nikasahau kilichokuwa chini yake. Kadi ile niliiandika mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Kwangu imekuwa kadi kama kadi nyingine. Kwa kukuaibisha mbele ya jirani, nisamehe.

Lakini usiniagize. Mimi si mtoto wa darasa la pili wa kuambiwa futa nikafuta. Sentensi ile sikuitunga. Imesemwa. Unataka kujua kadi inasema nini? “Msemaji: mama yangu. Mahali: nyumbani, akikunja nguo.” Ameisema miaka yote, Baba, kwa sauti ileile anayosemea kwamba chumvi imekwisha. Mjomba alipokufa kwa ile boila mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Ndugu wa pekee wa mama. Wewe ndiye uliyekuwa unaijua ile mashine, wewe ndiye uliyefukuzwa siku nne kabla kwa kushindana na meneja, na mjomba, mwanafunzi wako, akaachiwa mashine asiyoijua. Mama akafungasha vitu vyetu tukahama. Wewe ulisimama mlangoni ukatuangalia tunapakia. Hukusema hata neno moja! Ungesema hata “msiende”.

Sasa unanifundisha nani anaitwa ana kiburi na nani haitwi. Hoja yako nzuri, nimeinakili, maana mimi naijua kazi yangu. Lakini nikuulize na mimi: mtu anayeona watoto wake wanaondoka na asifungue mdomo, tumwiteje? Kamusi nzima iko mbele yangu, nimetafuta neno jingine, sijalipata.

Ukiwa na jambo la kusema, sema. Ukurasa unasainiwa tarehe 30.

Kadi


Tarehe 20 Machi

Kadi,

Umetaka niseme. Nasema mara moja.

Valvu ya kutolea mvuke ilikuwa imekwama. Hiyo ndiyo inayofunguka yenyewe boila ikizidiwa. Ikikwama, umekalia bomu. Niliigonga, nikaipaka mafuta, nikaifungua na kuifunga, ikakataa. Nikamwambia meneja tuzime. Akasema hospitali inataka mashuka. Kila asubuhi fundi alikuwa anasaini daftari la ukaguzi kwamba boila ni salama, na bila saini haiwashwi. Akaniletea daftari. Nikamwambia mkono wangu haujui kusema uongo. Akaniletea mara ya pili, mbele ya wafuaji wote. Nikalisukuma likaanguka kwenye maji ya sabuni.

Adhuhuri nikapewa barua. Naituma pamoja na hii, uione kwa macho yako. Imekunjika mara nyingi lakini inasomeka: “kwa sababu ya kiburi na kukaidi amri halali.” Hapo ndipo neno lako lilipotoka. Mama yako hakulitunga. Alilisoma kwenye barua hiyo, akalichukua akalitia kwenye sentensi yake, nawe ukalitia kitabuni. Limeandikwa na meneja, mwanangu. Miaka kumi na tisa mnasema maneno ya meneja mnadhani ni yenu.

Na daftari likasainiwa. Ulidhani boila iliwaka yenyewe? Lilikaushwa juani, likasainiwa asubuhi iliyofuata, na mbili zilizofuata, na ya nne, siku boila ilipopasuka. Aliyesaini ni mjomba wako. Alipewa cheo changu na kalamu siku moja.

Sasa ungetaka nimwambie nini mama yako pale mlangoni? Ana matanga ya ndugu yake, anafunga mizigo, nami nimwambie, “Ndugu yako ametia saini kifo chake na cha wafuaji wawili”? Funika kombe mwanaharamu apite. Nikafunika. Aliyekufa nikamwachia jina lake zuri, na mimi nikachukua hilo baya, maana nilikuwa na mabega.

Usimwambie mama yako. Ondoa sentensi tu.

Baba yako


KUMBUKUMBU YA OFISI
Tarehe 26 Machi
Kutoka: Mhariri Mkuu
Kwenda: Mwandishi, meza ya K

Nimepokea ombi lako la kufuta mfano wa neno “kiburi”. Kurasa za K zimefungwa na hazifunguliwi kwa sababu za kifamilia. Nimearifiwa pia kwamba umetamka mbele ya wenzako kuwa hutasaini ukurasa huo. Kitendo hicho ni cha kiburi na utovu wa nidhamu, na ninakupa onyo la maandishi. Usiposaini ifikapo tarehe 30, ukurasa utapewa mwandishi msaidizi wa meza ya dirishani ausaini badala yako, na suala lako litafika kwa Mkurugenzi.


Tarehe 27 Machi

Baba,

Shikamoo. Soma kwanza hicho kikaratasi cha ofisi, halafu urudi hapa.

Umeona? Kitendo cha kiburi! Neno langu mwenyewe, nililolilea miaka kumi na moja, limenigeukia likaning'ata. Nilikwenda kwa Mhariri Mkuu kwa adabu, nikagonga mlango, nikasema sentensi hii ina kosa, msemaji hakujua habari yote. Hakuinua hata uso. Akasema, “Watu wa meza ya K mmeanza kujiona.” Nikatoka nikawaambia wenzangu wote kwamba mkono wangu hausaini. Nilipokaa ndipo nikagundua nimesema kama wewe.

Kwa hiyo nikifukuzwa kazi, na iwe. Hata hawakungoja tarehe 30, ukurasa wameshampa yule msichana wa dirishani. Ana miezi mitatu hapa, hajui hata kadi zinakaa droo ipi. Amekuja na ukurasa mkononi akaniuliza, “Dada, kwani una shida gani?” Nikamwambia asome mwenyewe, si ameajiriwa kusoma? Akisaini, shauri yake. Mimi yangu nimemaliza.

Lakini wewe bado sijakumaliza. Nimekasirika, Baba, nimekasirika kuliko nilivyokuwa kabla sijajua. Miaka kumi na tisa! Umetufanya tuishi na maneno ya meneja nyumbani mwetu, tunakula nayo chakula, na ukweli umeukunja mfukoni. Nani alikuomba mabega? Ulituuliza? Nimekua bila baba ili mjomba awe na jina zuri, na mimi mjomba namkumbuka kwa filimbi yake tu.

Umeandika nisimwambie mama. Nimemsomea barua yako yote, kuanzia valvu mpaka mwisho. Nimechoka kuwekewa siri na wazee. Alikuwa anakunja shuka. Aliendelea kukunja mpaka nikamaliza, halafu akasema, “Nipe kalamu.” Nimempa. Anayoandika hataki niyaone.

Kadi


Tarehe 28 Machi

Baba Kadi,

Sijakuandikia tangu nihame, na sikukusudia kuanza. Binti yako amenisomea barua yako. Pale uliposema una mabega nikataka kuichana.

Unadhani sikujua kwamba ndugu yangu alisaini? Alikaa hospitali siku tatu kabla hajakata roho, na mimi nilikaa naye siku hizo tatu. Wewe ulikuja siku ya kuzika. Alinieleza kila kitu, kwa mdomo ule ulioungua. Alisema, “Dada, nilisaini kwa sababu sikujua.”

Sikukulaumu kwa kukataa kusaini. Hilo nililipenda. Nilipoisoma barua ya meneja nilicheka, nikasema huyu ndiye mume wangu. Hukujua hilo, kwa sababu siku nne zile ulikuwa umenuna hata chai hunywi.

Ninayokulaumia ni haya, aliyoniambia marehemu mwenyewe. Ulipotoka na koti lako begani mlikutana mlangoni. Alikuuliza, “Shemeji, kuna nini?” Ukamjibu, “Soma mwenyewe, wewe si fundi?” Ukampita. Alikuwa na miezi mitano pale! Alikuwa anakuamkia shikamoo kama baba yake! Neno moja tu, “valvu imekwama, usiwashe”, ndugu yangu angekuwa hai anapiga filimbi yake. Lakini ulikuwa umeudhika, ukaona kila asiyeona unachokiona wewe ni mjinga na afe na ujinga wake. Miaka mitano ulimfundisha kufungua maji na kufunga maji, tena kwa kumcheka, na hukuwahi kumfundisha kusikiliza valvu, kwa sababu hilo lilikuwa la bwana fundi peke yake.

Haya, miaka mitano nimekosea, ni miezi mitano. Unaona hasira inavyonifanya.

Meneja aliandika kiburi kwa sababu yake, na mimi nikasema kiburi kwa sababu yangu. Neno moja, lakini usiseme nililichukua kwake. Akili ninayo. Na lile la kunifichia ili nisiumie, huo ni ujanja wa kujipaka mafuta. Ulijifichia wewe. Ulijua ukianza kusimulia habari ya daftari utafika mlangoni.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonipa nguvu ya kushika kalamu. Nimesikia binti yako akijisifu kwenye simu jinsi alivyomjibu yule msichana wa ofisini. “Asome mwenyewe.” Nilikuwa nimekaa kitandani, nikahisi baridi. Hakuyasikia kwako, maana hakuwepo. Yamo tu ndani yake.

Mimi,
mwenye ndugu yake


Tarehe 29 Machi
Kwa mkono wa dereva wa basi la asubuhi. Apewe Kadi mwenyewe

Kadi,

Barua ya mama yako nimeipata leo alfajiri, imekuja na basi la usiku. Hii fupi kwa sababu basi linaondoka na kesho ni tarehe 30.

Umemwambia yule msichana? Kama hujamwambia, acha kusoma hapa, nenda kamwambie. Habari ya sentensi, ya Mhariri Mkuu, ya mimi, tutazimaliza baadaye. Mweleze una shida gani na ukurasa ule, na kwa nini umekataa, na kwamba akisaini jina lake ndilo litakalojibu. Mweleze vizuri, bila kumcheka. Akiamua kusaini akijua, hapo ni shauri yake. Leo bado ni shauri yako.

Alichoandika mama yako ni kweli. Alikuwa ameshika kopo la chai. Nililiona kopo, filimbi kwenye mfuko wa shati, nikaona na uso wake unavyouliza, na nikapita. Nilifika barabarani nikasimama. Nilisimama pale muda wa mtu kuvuta sigara nzima. Nikajiambia nikirudi watafikiri nimerudi kuomba kazi. Ndilo lililonizuia, Kadi. Valvu nilikuwa naijua, kifo nilikuwa nakijua, nami nikaogopa kuchekwa.

Hasira niliyokutukania ilikuwa ya siku ile. Ulipogusa neno lile niliruka kwa sababu uligusa penyewe.

Meneja alikuwa mwongo, na Mhariri wako ni ndugu yake. Kukataa kwako ni sawa, usirudi nyuma kwa hilo. Ila sentensi ya mama yako nayo iacheni. Yake ni ya kweli, imekosa kipande tu. Kipande hicho ninacho mimi. Kama sheria yenu ni kwamba lazima isikike kutoka kinywani mwa mtu, nipigie simu. Safari hii nitaongea.

Baba yako


Tarehe 6 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ilinikuta kwenye ngazi za ofisi. Nilikimbia. Yule msichana alikuwa amekwisha chukua kalamu. Nikamwomba anisikilize, nikamweleza yote, tumekaa sakafuni kati ya makabati, mpaka akasahau kwenda kula. Akaniuliza kwa nini sikumwambia siku ile alipokuja. Nikasema, kwa sababu nilijiona. Akasema, “Haya, dada,” akafunika kalamu yake. Hakusaini. Watu wawili wasiosaini wana kelele kuliko mmoja. Mhariri Mkuu alipiga meza, akatuita majina yote ya ukurasa ule kasoro kibogoyo. Lakini Mkurugenzi akauliza swali ambalo hakuna mkubwa aliyekuwa ameliuliza: shida ni nini hasa? Ukurasa umefunguliwa. Onyo langu bado liko kwenye faili, na hasira yangu kwako bado iko palepale, usidhani imekwenda na basi.

Baada ya kuongea na wewe kwenye simu nilikaa nikaandika kadi mpya, ishike nafasi ya ile ya mama. Nimemsomea mama. Aliweka shuka chini. Akaniambia nikuulize kama mgongo wako una dawa.

Jana nimeusaini ukurasa. Kibogoyo kiko palepale juu. Hii ni nakala ya kadi, ikague kwa kalamu yako nyekundu:

KIBURI. 1. Tabia ya mtu kujiona bora kuliko wengine, majivuno. 2. Neno ambalo mkubwa humwita mdogo aliyekataa. Asili: Kiarabu, kibr, ukubwa.

Mfano wa 1: “Nilijua boila ni mbovu, shemeji akaniuliza, nikampita kwa kiburi changu bila kumwambia.”

Msemaji: fundi wa boila, mwenyewe.
Mahali: kwenye simu, akilia.

Mwanao,
Kadi